Mawasiliano katika Miradi ya TEHAMA: Wajibu wa Mchambuzi wa Shughuli na Nafasi ya Mwananchi

Mfumo wa TEHAMA unaposhindwa kumhudumia mwananchi, lawama huelekezwa kwanza kwenye mtandao, kwenye kompyuta au kwa mtaalamu aliyeandika programu. Mara nyingi chanzo cha tatizo huwa kimetangulia hayo yote. Mtumishi anayekaa dirishani hakuulizwa jinsi anavyofanya kazi, neno moja lilieleweka kwa namna mbili, au badiliko lililokubaliwa kwa simu halikuandikwa popote. Makosa ya namna hiyo hutokea kabla programu haijaanza kuandikwa, na gharama yake huonekana baada ya fedha za umma kutumika.

Suala hili linazidi kuwa na uzito kadiri huduma za Serikali zinavyohamia mtandaoni. Nchini Tanzania, malipo kwa taasisi za umma hufanyika kwa kumbukumbu namba inayotolewa kupitia Mfumo wa Kielektroniki wa Malipo ya Serikali (GePG) ulioanza kutumika mwaka 2017, na tangu mwaka 2023 ununuzi wa umma hufanyika kupitia mfumo wa NeST. Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA), inayofanya kazi chini ya Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, ina jukumu la kuratibu, kusimamia na kukuza jitihada za Serikali Mtandao, ikiwemo kuhimiza mifumo ya taasisi mbalimbali kusomana. Hata hivyo, mifumo haiwezi kusomana iwapo watu wanaoijenga hawakuelewana. Makala haya yanaeleza kazi ya mtaalamu ambaye wajibu wake mkuu ni kuleta maelewano hayo, na namna ambavyo mwananchi anahusika.

Mchambuzi wa shughuli ni nani

Mchambuzi wa shughuli, ambaye baadhi ya taasisi humwita mchambuzi wa biashara, ni mtaalamu anayesimama kati ya wenye uhitaji wa mfumo na wajenzi wake. Neno biashara katika cheo hicho halina maana ya kununua na kuuza pekee; lina maana ya shughuli zote za taasisi, iwe ni kutoa leseni, kusajili vizazi, kulipa mishahara au kutunza dawa katika bohari. Kazi yake ni kutambua tatizo halisi, kukusanya mahitaji, kuyaandika kwa lugha isiyo na utata, kuyafikisha kwa wajenzi na kuhakikisha kwamba kilichojengwa ndicho kilichohitajika.

Taaluma hii ina chombo chake cha kimataifa, IIBA, kilichoanzishwa nchini Kanada mwaka 2003, na toleo la tatu la mwongozo wake lilitolewa mwaka 2015. Katika mwongozo huo, ukusanyaji wa mahitaji umewekwa katika eneo moja na ushirikiano na wadau, kwa kuwa mahitaji hupatikana kwa mazungumzo, na mazungumzo hayo huendelea hadi mradi unapokamilika.

Katika taasisi nyingi za umma hakuna mtu mwenye cheo hicho. Kazi hiyo hufanywa na Afisa TEHAMA, na mchambuzi wa mifumo au afisa mipango aliyeteuliwa kwenye timu ya mradi. Jina la cheo si jambo la msingi. Lililo la msingi ni kwamba awepo mtu mmoja anayejulikana kuwa ndiye mwenye dhamana ya kuhakikisha pande zote zinazungumzia kitu kimoja.

Funzo kutoka Marekani

Mfano unaoonesha gharama ya mawasiliano dhaifu ni mradi wa Shirika la Upelelezi la Marekani (FBI) uliojulikana kwa jina la Virtual Case File. Mfumo huo ulikusudiwa kuwawezesha wapelelezi kutunza na kushirikiana majalada ya kesi kwa njia ya kielektroniki. Ulikuwa sehemu ya mpango mpana wa kuboresha TEHAMA katika shirika hilo, na kampuni ya kuujenga ilipewa kazi mwaka 2001.

Awali lengo lilikuwa kuweka sura mpya juu ya mfumo wa zamani. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, lengo lilibadilika na kuwa kujenga mfumo mpya kabisa, tena kwa muda mfupi zaidi. Wapelelezi na wajenzi walikaa vikao kwa takriban miezi sita, na matokeo yake yakawa hati ya mahitaji yenye kurasa zaidi ya 800. Wingi wa kurasa haukuleta uelewa. Hati hiyo ilieleza hadi mahali pa kuweka vitufe kwenye kioo cha kompyuta, badala ya kueleza kazi ambayo mtumiaji anatakiwa kuifanya.

Mfumo ulipokabidhiwa Desemba 2003, FBI ilikataa kuupokea kwa kutaja kasoro ambazo baadaye zilichambuliwa kuwa hoja 59. Msuluhishi aliyeteuliwa aligundua kwamba hoja 19 kati ya hizo zilikuwa mabadiliko ya mahitaji yaliyotoka upande wa Serikali, na 40 zilikuwa makosa ya mjenzi. Kwa maneno mengine, pande mbili zilizokuwa na mkataba mmoja zilifika siku ya makabidhiano zikiwa hazijakubaliana nini ni kosa na nini ni ombi jipya. Mwaka 2005 mfumo huo uliachwa baada ya kugharimu takriban Dola milioni 170. Mfumo uliouchukulia nafasi, Sentinel, ulianza kutumika kikamilifu mwaka 2012.

Mkaguzi wa Wizara ya Sheria ya Marekani alibainisha sababu kadhaa, zikiwemo mahitaji yaliyobadilika polepole na bila udhibiti, na mabadiliko ya mara kwa mara ya viongozi. Katika kipindi cha mpango huo, watu 15 walishika nafasi muhimu za usimamizi wa TEHAMA. Kila kiongozi anapoondoka bila kumbukumbu zilizoandikwa, huondoka na sababu za maamuzi yaliyofanyika. Anayemfuata huyafungua upya.

Kutambua wadau kabla ya kuitisha kikao

Hatua ya kwanza ya mawasiliano ni kujua nani anahusika. Orodha ya wadau huandaliwa mapema na huonesha mambo manne kwa kila mdau: anaathirika vipi na mfumo, ana mamlaka gani ya kuamua, anahitaji taarifa gani, na taarifa hiyo imfikie kwa njia ipi.

Kosa linalojirudia ni kuwaita wakuu wa idara na vitengo pekee. Mkuu wa idara anajua utaratibu unavyotakiwa kuwa kwa mujibu wa kanuni. Mtumishi wa masijala au wa dirishani anajua unavyofanyika kila siku. Ikiwa halmashauri, kwa mfano, inajenga mfumo wa maombi ya leseni, mkuu wa kitengo atasema kwamba ombi hupokelewa, hukaguliwa na kuidhinishwa. Mpokezi ataongeza kwamba waombaji wengi hufika na nyaraka pungufu, kwamba majina kwenye kitambulisho huwa hayafanani na yaliyo kwenye namba ya mlipakodi, na kwamba siku za mwisho wa mwezi foleni huwa ndefu. Maelezo ya mpokezi ndiyo yatakayoamua kama mfumo utafanya kazi au utakwama.

Ni vema pia jedwali la wajibu liandaliwe na kutiwa saini, likionesha kwa kila jambo nani anatekeleza, nani anawajibika kwa uamuzi, nani anaombwa ushauri na nani anapewa taarifa tu. Anayewajibika kwa uamuzi awe mtu mmoja. Jambo linapokuwa na waamuzi watatu, mjenzi hupokea maelekezo matatu.

Kuuliza na kusikiliza

Mdau huja na suluhisho kabla ya kueleza tatizo. Atasema, "Tunataka kitufe cha kuchapisha." Mchambuzi makini hauandiki kitufe hicho kwenye hati mara moja, huuliza karatasi hiyo itapelekwa wapi na kwa nini. Huenda ikabainika kwamba karatasi inahitajika ili ibebwe hadi ofisi ya jirani ikagongwe muhuri, na kwamba mifumo ya ofisi hizo mbili ikisomana karatasi haitahitajika tena.

Njia za kukusanya mahitaji ni nyingi, na kila moja ina mahali pake. Mahojiano ya ana kwa ana huibua mambo ambayo mtumishi hawezi kuyasema mbele ya mkuu wake. Warsha hufaa pale idara mbili zinapotofautiana na uamuzi unatakiwa ufikiwe pamoja. Dodoso hufaa kwa watumiaji wengi waliotawanyika mikoani. Kuketi pembeni ya mtumishi na kumwangalia akifanya kazi huonesha hatua ambazo mwenyewe hazitaji, kwa kuwa amezizoea hadi hazioni tena.

Katika mazingira ya utumishi wa umma ipo changamoto ya ziada, ambayo ni heshima ya vyeo. Mtumishi wa ngazi ya chini anaweza kunyamaza katika kikao anachoketi na mkurugenzi wake, na ukimya huo ukahesabiwa kuwa ni kukubali. Mchambuzi anapaswa kupanga vikao vya makundi tofauti, na kumaliza kila mazungumzo kwa kurudia alichokielewa ili msemaji amsahihishe.

Lugha ya hati ya mahitaji

Mahitaji yaliyoandikwa vizuri yanapimika. Sentensi kwamba "mwombaji apate leseni haraka" haiwezi kujengwa wala kujaribiwa. Sentensi kwamba "ombi lililokamilika lionekane kwa afisa mhusika ndani ya dakika 5 baada ya malipo kuthibitishwa" inaweza kujengwa, kujaribiwa na kukataliwa endapo haikutimizwa. Ni muhimu pia kutenganisha lililo la lazima na lililo la hiari. Jumuiya ya wataalamu wa intaneti ilishaona hitaji hilo, na waraka wao namba RFC 2119 wa mwaka 1997 uliweka maana mahsusi ya maneno ya lazima, ya kupendekeza na ya ruhusa katika viwango vyao.

Kiswahili kina maneno yanayohitaji uangalifu wa pekee katika hati za aina hii. Mfano ulio wazi ni saa. Ofisa anapoagiza kwamba mfumo ufungwe "saa 12 jioni", mwananchi huelewa wakati jua linapotua. Mtaalamu aliyezoea saa za kompyuta anaweza kuandika 12:00, na mfumo ukafungwa adhuhuri. Hati iandike wakati kwa namna zote mbili, yaani saa 12 jioni, 18:00. Vivyo hivyo, "siku 7" zielezwe kama ni siku za kazi au za kalenda, na "mwaka" uelezwe kama ni wa kalenda au wa fedha, unaoanza Julai 1 na kuishia Juni 30.

Maneno ya mamlaka nayo yatenganishwe. Kuhakiki, kuthibitisha na kuidhinisha hutumika katika mazungumzo kana kwamba ni kitu kimoja, lakini kwenye mfumo kila neno linaweza kuwa hatua yake, lenye afisa wake na wajibu wake kisheria. Njia rahisi ni kuweka faharasa mwanzoni mwa hati, ambapo kila neno la kitaalamu lina maana moja tu inayotumika katika mradi wote.

Vipimo pia vimewahi kuleta hasara. Septemba 23, 1999, chombo cha Marekani cha uchunguzi wa anga kilichopelekwa sayari ya Mars kilipotea kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza wakati timu nyingine ilizipokea kana kwamba ni za mfumo wa metriki. 

Jambo jingine ni lugha yenyewe. Nyaraka nyingi za kiufundi huandikwa kwa Kiingereza, ilhali watumiaji hufanya kazi na kuwahudumia wananchi kwa Kiswahili. Mtumishi anapotakiwa kutia saini hati asiyoielewa vizuri, saini yake haithibitishi chochote. Muhtasari wa mahitaji kwa Kiswahili, wenye michoro ya hatua za huduma, humpa mtumiaji nafasi ya kusema mapema kwamba jambo fulani silo.

Kumbukumbu, taarifa na mabadiliko

Kila kikao kinapaswa kuacha muhtasari unaoonesha maamuzi yaliyofikiwa, sababu zake, mtekelezaji wa kila jambo na tarehe ya kukamilisha. Muhtasari usambazwe mapema, wakati waliohudhuria bado wanakumbuka walichosema. Ujumbe wa simu na makundi ya mitandao ya kijamii yanaweza kuharakisha kazi, lakini uamuzi uliofikiwa huko uhamishiwe kwenye kumbukumbu rasmi za mradi.

Mabadiliko ya mahitaji hayaepukiki. Sheria hurekebishwa, bajeti hupungua, na watumiaji hugundua mapya wanapoona mfumo ukianza kuchukua sura. Linaloepukika ni badiliko lisilo na kumbukumbu. Kila ombi la badiliko lijibu maswali yafuatayo kabla ya kukubaliwa:

1. Badiliko linatatua tatizo gani, na nani ameliomba?
2. Litaathiri vipi gharama, muda na sehemu nyingine za mfumo?
3. Je, linagusa taarifa binafsi za wananchi, ambazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022?
4. Nani mwenye mamlaka ya kuliidhinisha, na ameidhinisha lini?
5. Nani atajulishwa, wakiwemo wajaribu mfumo na wakufunzi?

Taarifa za maendeleo nazo zitofautiane kwa msomaji. Uongozi unahitaji ukurasa mmoja unaoeleza mradi ulipofika, vihatarishi vilivyopo na uamuzi unaosubiriwa kutoka kwao. Wajenzi wanahitaji undani wa kila hitaji. Watumiaji wanahitaji kujua ni lini kazi yao itabadilika na watajifunza wapi. Taarifa moja inayotumwa kwa wote humfaa mmoja na huwachosha wengine.

Kufikisha habari isiyopendeza

Sehemu ngumu zaidi ya kazi hii ni kusema kwamba mradi hauko tayari. Tovuti ya bima ya afya ya Serikali ya Marekani, HealthCare.gov, ilizinduliwa Oktoba 1, 2013 na ikaelemewa tangu saa za mwanzo. Kumbukumbu za siku ya kwanza zilionesha kwamba watu 6 tu walifanikiwa kukamilisha usajili. Uchunguzi uliofanywa baadaye na ofisi ya mkaguzi wa wizara husika ulionesha kwamba tahadhari kuhusu hali ya mradi zilikuwa zimetolewa kabla ya uzinduzi, lakini hazikusababisha hatua za kutosha kuchukuliwa. Taarifa zilikuwepo, hazikumfikia mwamuzi kwa namna ya kumfanya aamue.

Mchambuzi anayeona tatizo analitaja likiwa bado dogo, kwa maandishi, akieleza ushahidi, madhara kwa huduma na njia zilizopo. Badala ya kuandika kwamba "kuna changamoto katika majaribio", anaandika ni majaribio mangapi yamefanyika, mangapi yameshindwa, na kwamba mfumo ukizinduliwa katika hali hiyo mwombaji atakatwa malipo bila kupata stakabadhi. Kiongozi anayepokea taarifa kama hiyo bila hasira huwafundisha walio chini yake kusema kweli katika mradi unaofuata.

Majaribio, mafunzo na uzinduzi

Majaribio ya watumiaji ni mazungumzo ya mwisho kabla ya makabidhiano. Yafanywe na watumishi watakaoutumia mfumo, kwa mifano ya kazi zao halisi, ikiwemo ile migumu: mwombaji asiye na barua pepe, mtandao unaokatika katikati ya malipo, jina lenye kiambishi au lenye sehemu mbili tu. Kila jaribio lirejee hitaji husika katika hati, ili ijulikane kama kilichoshindikana ni kosa la ujenzi au ni hitaji jipya. Hapo ndipo mgogoro kama ule wa hoja 59 huzuilika.

Mafunzo yafanyike karibu na siku ya kuanza, kwa kuwa yanayofanyika miezi mingi kabla husahaulika. Tangazo kwa umma lieleze mambo ambayo mwananchi anahitaji kuyajua: huduma gani inahamia mtandaoni, kuanzia lini, nyaraka zipi aandae, utaratibu wa zamani utakoma lini, na apige simu au afike wapi akikwama.

Nafasi ya mwananchi

Mwananchi ni mdau wa mfumo wa umma hata kama hakualikwa kwenye warsha. Taasisi inapotangaza kukusanya maoni, maoni yenye manufaa ni yale yanayoeleza tukio: alitaka huduma gani, alifika hatua ipi, ujumbe gani ulionekana, na alilazimika kufanya nini baada ya hapo. Malalamiko kwamba "mfumo ni mbovu" hayampi mtaalamu pa kuanzia. Maelezo kwamba mfumo ulikataa namba ya kitambulisho baada ya malipo kukamilika humpa.

Vilevile, mwananchi anayo haki ya kutarajia mrejesho. Taasisi inayopokea maoni na kukaa kimya hukosa maoni ya mara ya pili. Ile inayotangaza maoni yaliyopokelewa, yaliyofanyiwa kazi na yaliyoshindikana pamoja na sababu zake, hupata ushirikiano, hata kutoka kwa wale ambao maombi yao hayakukubaliwa.